Kilo Mbili za Chumvi kwa Samaki wa Tanga

Niseme mapema ili tusisumbuane: niliwatia chumvi samaki waliokuwa hai. Kilo mbili. Niliimimina kutoka kwenye mfuko wa jikoni kwa mama, nikakoroga na mwiko wa ugali, nikarudisha mfuniko wa kioo na kwenda zangu kucheza mpira, moyo mweupe kama mtu aliyetoka kuungama.

Kabla hujaniita mjinga (mama ameshaniita, na kwa idadi huwezi kumfikia), sikiliza kwanza nilivyofikiri. Asili yetu ni Nansio. Kwa bibi, mzaa mama, samaki akianza kuonyesha dalili mbaya, jicho kufifia na ngozi kuota utando, hakuna anayesema apelekwe hospitali. Anapasuliwa, anapakwa chumvi, anaanikwa, na baada ya miezi miwili bado ni samaki wa kumpa mgeni. Chumvi ndiyo dawa ya samaki, hilo nimelijua kabla ya kujua kusoma. Sasa nawaona samaki wa baharini, viumbe waliozaliwa ndani ya chumvi na kukulia ndani ya chumvi, wametokwa na vidoa vyeupe mwili mzima. Ungefikiri nini? Nilifikiri chumvi imewapungua. Ungekuwa mtoto wa ziwa nawe ungefikiri hivyohivyo, na ukikataa unajidai tu.

Samaki hao walikuwa wa mzee mwenye gesti ambayo mama anapikia, pale Mirongo. Mzee ni mtu wa Tanga. Alikuja Mwanza kijana kuuza vitambaa, akasahau kurudi. Tangu biashara huria iruhusiwe kila mtu mjini ameleta kitu chake. Mmoja kaleta dishi la televisheni kubwa kama paa la choo, mwingine mashine ya kutoa nakala, wengine marobota ya mitumba. Ndege za kubeba minofu ya sangara zinaleta marubani, nao marubani wanataka vyumba vyenye feni. Mzee wetu akawapa vyumba, akawapa feni, kisha yeye akajiletea bahari.

Aliiweka mapokezi, ndani ya tangi la kioo linalochukua madumu saba na nusu ya lita ishirini. Samaki watano walisafirishwa kutoka Tanga hadi Dar, na kutoka Dar wakapanda ndege ndani ya mifuko ya plastiki. Nina umri wa miaka kumi na saba na sijawahi kupanda ndege. Maji yenyewe hayakusafiri. Mzee aliyatengeneza hapahapa, maji ya bomba yaliyolala ndooni usiku mmoja ili dawa iishe, na chumvi maalumu ambayo rubani mmoja humletea kwenye kopo. Si chumvi ya mboga. Hilo nalo nililijua nikiwa nimechelewa.

Kila asubuhi mzee alikaa mbele ya tangi na kikombe chake cha kahawa chungu, mgongo kaligeuzia ziwa. Akigonga kioo kwa pete, samaki mmoja wa manjano alikuja moja kwa moja usoni pake kama anayetaka kumwambia siri. Wale wanne walikuwa na mambo yao. Nilimwambia mama kwamba mzee ana akili ya biashara, wageni wanapenda kuangalia samaki.

"Ile si biashara," mama akasema. "Mzee yule anaangalia kwao."

Shida ni kwamba kwao alikuwa hakuoni vizuri. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wa manjano alimwona kama taa ndani ya ukungu, mwenyewe alisema hivyo. Mwaka jana akapata nafasi ya kufanyiwa upasuaji Dar, jicho moja kwanza, akae kwa binti yake mwezi na nusu. Ikabaki swali la nani atawaangalia samaki.

Mama akasema, "Mwanangu yupo. Anasoma sayansi."

Kweli ninasoma sayansi. Mimi na sayansi tunakaa darasa moja, tunasalimiana, ila hatujawahi kuzungumza kwa kirefu.

Mzee akanitazama, yaani akatazama upande niliokuwapo. "Unamdhamini?"

"Namdhamini, Mzee."

"Basi nisikilizeni. Wale wanne wakifa, amri ya Mungu. Wa manjano nataka nimkute. Nataka nikirudi nimwone kwa jicho zima, nijue kama kweli ana rangi au nilikuwa najisemea."

Mama akasema atamkuta. Hakusema tutajitahidi, wala Mungu akipenda. Alisema, "Utamkuta." Nami nilikuwa pale nimesimama nikitafuna muwa.

Kazi zenyewe zilikuwa nyepesi. Chakula, pinchi moja ya vidole viwili asubuhi na moja jioni. Kufuta kioo. Na maji yakishuka chini ya alama ya rangi nyekundu, kuongeza maji matamu yaliyolala ndooni. Siku saba nilifanya vizuri mpaka nikajishangaa. Siku ya nane nikawakuta na vile vidoa.

Dada wa mapokezi alikuwa anapaka kucha rangi mezani kwake. "Umewapaka unga?" akaniuliza. "Maana wanaonekana kama wanasubiri mafuta yachemke."

"Wanaumwa."

"Basi wape panadoli, daktari."

Sikuwapa panadoli. Niliwapa kilo mbili.

Kesho yake asubuhi, nimevaa sare, daftari kwapani, nikapitia gesti. Yule mwenye mistari myeusi alikuwa ameelea ubavu. Wengine watatu wamejikusanya penye mapovu ya pampu wakihema kama watu waliopanda mlima na magunia. Wa manjano alikuwa chini kabisa, kwenye kona, nyuma ya jiwe. Nikagonga kioo. Hakuja.

Nilifanya kile ambacho kijana yeyote mwenye akili angefanya: nikaficha maiti. Nilimpelekea paka wa jikoni. Paka yule anakula hata gundi ya bahasha, lakini alimnusa, akanitazama, akaondoka. Nikamfukia kwenye taka, nikaenda shule na kusoma somo la Nguvu ya Maji Kusukuma Vitu Juu, ambalo sikulisikia.

Nilirudi saa tisa. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mfuko wa chumvi mkononi, mtupu, anaupepea taratibu kama leso.

"Wageni kumi na mmoja wamekula mchuzi usio na chumvi," akasema. "Rubani mmoja ameniuliza kama kuna mgonjwa wa presha. Chumvi yangu iko wapi?"

"Mama, panya wa siku hizi..."

"Panya hakorogi na mwiko. Mwiko wangu una magamba ya samaki nisiyemjua."

Nikasema. Nilisema kidogo kwanza, nikaona uso wake, nikasema iliyobaki. Niliposema kuhusu mwenye mistari, alikaa kwenye ndoo. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

Halafu akainuka na kuchukua kipimo chake cha maziwa.

Hapa nieleze. Maziwa ya gesti huletwa kwa baiskeli kila asubuhi na jamaa mmoja kutoka nje ya mji. Mama hamlipi kabla hajatumbukiza kwenye jagi kile kipimo cha kioo, kimrija chenye tumbo na namba shingoni, kinachoelea wima. Maziwa mazito hukisukuma juu, yaliyotiwa maji hukiacha kizame. Chini ya ishirini na nane mama husema, "Ng'ombe wako kanywa ziwa zima, rudi naye." Kumbe mzee naye alikuwa akikiazima kila Ijumaa kwa ajili ya tangi. Mama alikuwa ameona mara nyingi namba aliyoitaka: ishirini na tano.

Akakitumbukiza. Kikaruka juu kikasimama. Thelathini na tano.

"Maziwa kama haya sijawahi kuletewa," mama akasema.

Nikamwambia nina wazo. Tununue samaki mwingine wa mistari mzee asijue, na wa manjano akifa tuseme alikufa kwa kukumbuka nyumbani. Isitoshe mzee haoni.

"Anaenda kuona," mama akasema. "Ndiyo safari yenyewe. Twende kwenye simu."

Simu ya mapokezi ilikuwa na kufuli dogo kwenye kizungusho cha namba, na ufunguo mzee alimwachia mama. Akafungua, akapiga namba ya binti wa mzee, akasubiri mpaka mzee akaletwa, akasema, "Shikamoo Mzee. Pole na jicho. Kuna mtu anataka kukueleza jambo," akanipa mkono wa simu, akakaa kwenye kiti cha dada wa mapokezi. Dada naye hakuondoka. Alivuta stuli.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, kijana. Vipi huko?"

Nikamweleza. Laini ilikuwa na kelele kama mtu anakaanga vitumbua katikati ya njia. Nilipofika kwenye kilo mbili akanikatiza.

"Kilo mbili," mzee akasema.

"Ndiyo."

"Chumvi ya mama yako."

"Ndiyo, Mzee."

"Wa manjano?"

"Yupo. Yuko nyuma ya jiwe. Hataki kuja."

Akavuta pumzi. "Ungekuwa umekuja kuniambia baada ya mazishi ningejua la kukufanya. Sasa sikiliza, na mama yako asikilize. Vile vidoa ni vidudu. Vinamng'ang'ania samaki, vinakaa hata kwenye matamvua, ndiyo maana wanahema. Samaki anaweza kuvumilia maji ya chumvi ndogo, ana figo, anajirekebisha. Kile kidudu hakina figo. Maji yakiwa mepesi kinavimba mpaka kinapasuka. Dawa ni kuondoa chumvi, kijana. Umewatibu kwa kinyume."

"Niwahamishie maji matamu?"

"Uwaue kwa mkono wa pili? Polepole. Toa dumu moja asubuhi, rudisha dumu la maji matamu yaliyolala. Dumu jingine jioni. Ushuke mpaka kumi, ukae hapo wiki tatu. Na ile chumvi yangu ilikuwa inashikilia maji yasigeuke makali. Ukiipunguza, maji yanaelekea kwenye asidi. Uwe unapima, unatia bikaboneti kidogo. Mama yako anayo, anawekea maharage."

Mama akatikisa kichwa kwamba anayo, kana kwamba mzee anamwona.

"Kijana," mzee akasema mwisho, "nimefungwa bandeji. Sina la kufanya huku ila kumfikiria huyo samaki. Niangalizie."

Basi nikaanza. Nilikaa na penseli nikapiga hesabu kutoka thelathini na tano mpaka kumi, nikapata madumu matano na kidogo, nikafurahi. Mama akauliza, "Dumu la pili unalotoa lina chumvi sawa na la kwanza?" Nikaweka penseli chini. Ni kama mchuzi ulioongezwa maji, ukiupakua tena na maji yako unayapakua. Nikarudia hesabu. Madumu tisa. Mama aliishia darasa la saba, na tusilizungumzie zaidi.

Madumu mawili kwa siku, siku nne na nusu. Kipimo cha maziwa kilishuka thelathini, ishirini na sita, ishirini na mbili. Kikifika kumi na tano namba zinaisha, kwa sababu hakuna maziwa duniani yanayofika huko, na kwa kweli jamaa wa baiskeli alikuwa amejaribu. Baada ya hapo nilihesabu madumu tu na kuweka alama za mkaa ukutani nyuma ya tangi.

Kuhusu asidi, nilimwendea mwalimu wa kemia. Nilimkuta anakula karanga stoo ya maabara. Nikamwomba karatasi za kupimia asidi na besi.

"Umetumwa na nani kunidhihaki?" akauliza.

"Sijatumwa, mwalimu. Nataka kujua maji yangu yako kwenye namba ngapi."

Aliacha kutafuna. Miaka mitatu nilikuwa nimemwuliza maswali mawili, yote kuhusu saa ya kwenda nyumbani. Akanikatia vipande kumi na viwili, akanipa na kadi ya rangi, akanifuata mpaka mlangoni akinieleza mambo ya kaboneti, na la ajabu ni kwamba nilimwelewa. Maji yalitakiwa kuwa nane na kidogo, rangi ya kijani kinachoelekea bluu. Siku ya tatu ya matibabu karatasi ikatoka kijani ya majani mabichi, saba. Nikayeyusha nusu kijiko cha chai cha bikaboneti kwenye kikombe, nikamimina tone kwa tone huku nimeshika saa ya dada wa mapokezi. Kesho yake tena nusu. Kijani ikaanza kupata bluu.

"Sasa unapika," dada akasema. "Weka na kitunguu."

Siku ya nne tulipoteza mwingine, yule mdogo wa bluu. Safari hii sikuficha. Nilimwonyesha mama, nikaandika kwenye karatasi niliyomwekea mzee kumbukumbu, nikamfukia vizuri, mbali na paka asiye na heshima.

Siku ya sita, Jumamosi, umeme ukakatika saa nane mchana, na pampu ikanyamaza. Samaki watatu wakapanda juu, midomo nje. Nilichukua jagi la maziwa, nikawa nachota na kumimina kutoka juu, nachota na kumimina, ili maji yachanganyike na hewa. Baada ya nusu saa mkono ulikuwa si wangu. Dada wa mapokezi akanitazama, akafunga kichupa chake cha rangi, akasema, "Lete hapa, unamimina kama unanawisha wageni," akanipokea. Tulipokezana mpaka saa kumi na mbili. Rubani mmoja akapita, akasimama, akaweka mkoba chini na kumimina zamu yake bila kuuliza. Nilipenda sana mchana ule. Sijui kwa nini. Tulikuwa tumelowa na tunanuka.

Siku ya tisa vidoa vikaanza kupungua. Nilihesabu vya wa manjano kila siku kabla ya shule, upande wa kushoto tu, maana upande wa kulia hakupenda kunionyesha: kumi na tisa, kumi na moja, vinne. Siku ya kumi na mbili hapakuwa na kidoa. Nikagonga kioo kwa kifuniko cha soda kwa kuwa sina pete. Akatoka nyuma ya jiwe, akaja nusu ya njia, akasimama, akanifikiria. Akarudi alikotoka. Nikaona ni haki yake.

Nilitaka kupandisha chumvi siku hiyohiyo. Mama akanikataza: wiki tatu ni wiki tatu. Mzee alisema mayai ya vile vidudu hujificha kwenye mchanga, yanangoja mtu mwenye haraka. Kwa hiyo nikaendelea. Kupima, kuonja ncha ya kidole (nimezoea, usinicheke), kuokota mabaki ya chakula kwa mrija kabla hayajaoza na kuchafua maji. Mtihani wa kemia ulipokuja nikapata alama ambayo mwalimu aliisoma mara mbili, kisha akanihamisha kiti akidhani nimechungulia.

Mzee alirudi kwa treni asubuhi ya Jumamosi, miwani nyeusi usoni, binti yake kamshika mkono. Mama alikuwa ametoka jikoni, amevua aproni. Nikamwamkia mzee, akaitikia bila kusimama. Akaenda kwenye tangi, akavua miwani, akainama. Jicho la kushoto lilikuwa safi, kama limeoshwa. Lile la kulia lilibaki na wingu lake.

Akagonga kwa pete. Wa manjano akaja. Akaja moja kwa moja mpaka usoni pake, na mzee akaweka kiganja juu ya jicho bovu ili amtazame kwa lile zima peke yake. Niliusikia mchuzi wa mama ukichemka jikoni na mama hakwenda kuuangalia.

"Kumbe ana mstari wa bluu kwenye pezi," mzee akasema. "Miaka miwili sikuuona."

Akauliza walio hai ni wangapi, nikasema watatu. Akauliza maji yako kwenye ngapi, nikasema kumi kwa hesabu ya madumu, na besi nane na kidogo. Akaomba karatasi yangu, akaisoma yote, pamoja na pale nilipoandika "kilo mbili (mimi)". Kisha tukaleta kopo la chumvi yake, akaanza kunionyesha jinsi ya kupandisha, kikombe kimoja kwa siku, kimeyeyushwa kwanza pembeni. Hakunisifu. Aliniachia kijiko tu, akawa ananitazama ninavyokoroga.

Alipokaa na kahawa yake, akamgeukia mama.

"Jicho la pili ni mwezi ujao," akasema. "Nitaondoka tena. Huyu kijana, baada ya aliyoyafanya, nimwachie samaki wangu au nitafute mtu mwingine?"

Mama akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, kama anavyolitazama jagi kabla hajatumbukiza kipimo. Kisha akasema:

"Mwachie huyuhuyu, Mzee. Mwingine atakuja na ujinga wake mpya. Wa huyu tumeshaumaliza."